Motokaa Yataka Hewa, Haitaki Kelele

Siku hizi vijana wengi wenye motokaa, na wengi zaidi wasio nazo bali wanazitamani, husifu jambo moja. Husema kwamba lile kasha la plastiki lenye chujio la hewa, lililotoka kiwandani pamoja na motokaa, litolewe na kutupwa, na mahali pake pawekwe chujio la wazi lenye umbo la koni, jekundu au la samawati, lililofungwa moja kwa moja kwenye bomba la injini. Wanadai kwamba kwa njia hiyo mtu hupata nguvu mpya kwa fedha kidogo. Maneno hayo nimeyasikia mjini, nimeyasikia ndani ya basi, na muhula uliopita niliyasikia hata katika Chama chetu cha Majadiliano, ambako msemaji mmoja alipigiwa makofi mengi.

Mimi sikupiga makofi. Nadhani kwa nchi kama hii yetu ya Uganda, yenye vumbi na vilima, jambo hilo ni hasara iliyovikwa nguo ya faida. Nadhani pia kwamba mwenye fedha kidogo aweza kweli kuitengeneza njia ya hewa ya motokaa yake ikawa bora kuliko ilivyo, ila si kwa kununua kelele. Naomba wasomaji wanisikilize mpaka mwisho, kisha waamue wenyewe.

Kwanza tufahamu jinsi injini inavyopumua. Injini ya petroli haili petroli peke yake. Ili kilo 1 ya petroli iungue sawasawa, yahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Lita 1 ya petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo. Basi ukifanya hesabu utaona kwamba kila lita unayoinunua hutaka karibu lita 9,000 za hewa ya pwani, na huku kwetu katika nchi ya juu, ambako hewa ni nyepesi zaidi, hupita lita 10,000. Chukua sasa injini ya sentimita za ujazo 1,800, kama zile za Toyota nyingi tuzionazo barabarani. Kila silinda hujaa hewa mara moja katika mizunguko 2. Ikiwa injini yazunguka mara 3,000 kwa dakika, na dereva amekanyaga mpaka chini, yaweza kuvuta hadi lita 2,700 za hewa kila dakika. Mtu aliyeketi ametulia huvuta lita 6 mpaka 8 hivi. Maana yake ni kwamba motokaa moja inayopanda mlima hupumua hewa ya watu zaidi ya 300 waliokaa.

Haya, waketishe watu hao 300 nyuma ya lori katika barabara ya udongo mwekundu, mwezi wa Januari, wakati mvua imekwisha kusahauliwa. Hapo ndipo utakapoelewa kazi ya chujio. Vumbi letu si unga wa muhogo. Ndani yake mna chembe za mchanga mgumu uitwao kwatzi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho mwisho wake ni almasi kwa 10, kwatzi ni 7, na kisu cha chuma cha kawaida ni 5 na nusu hivi. Chembe hizo zikipenya huingia kati ya pistoni na ukuta wa silinda, huchanganyika na oili, nazo hufanya kazi ya msasa mchana kutwa. Ringi za pistoni hulika. Oili hupanda ikaungua, moshi wa rangi ya samawati hutoka nyuma, na ile nguvu iliyotafutwa kwa bidii hukimbia. Jambo baya zaidi ni kwamba ugonjwa huu hauonekani siku ya kwanza. Mwenye motokaa hufurahi miezi michache, kisha hulipa.

Nina sababu ya kusema hivi. Mjomba wangu alikuwa na Toyota Corona kuukuu, ambayo ilibeba watu na magunia ya kahawa kutoka kijijini mpaka sokoni. Fundi mmoja alimwambia, "Mzee, kasha hili laibana pumzi motokaa yako. Nikuwekee chujio la mashindano, utaona itakavyopanda vilima." Mjomba alilipa. Majuma ya kwanza alifurahi sana, kwa maana mlio wa injini ulibadilika, na watu sokoni waligeuka kutazama. Kiangazi kilipokwisha motokaa ilianza kunywa oili kama mgonjwa wa homa anywavyo maji. Fundi wa pili alifungua bomba lililo nyuma ya chujio, akapitisha kidole ndani, nacho kikatoka chekundu. Silinda zilikuwa zimelika. Fedha za kununua injini nyingine iliyokwisha kutumika zilitoka katika ng'ombe 2, na mwanawe, ambaye ni ndugu yangu, alikaa nyumbani muhula mzima akingoja karo. Hiyo ndiyo bei ya chujio la rahisi. Haikuandikwa kwenye boksi lake.

Sisemi kwamba kila chujio la koni ni baya. Yako mazuri, yaliyotengenezwa kwa pamba iliyopakwa oili maalum, nayo huoshwa na kutumiwa tena. Lakini hata hayo yataka mtu mwangalifu, kwa kuwa ukiyapaka oili kupita kiasi, huweza kuchafua sensa ile nyembamba ipimayo hewa katika motokaa za kisasa. Nayo yale ya rahisi yanayofanana nayo kwa rangi hayafanani nayo kwa kazi. Ukiliinua mbele ya taa, mengine utaona mwanga ukipita kwenye matundu wazi kama ya kitambaa cha chandarua. Penye tundu pa kupita mwanga wazi namna hiyo, vumbi nalo halitabisha hodi.

Sasa natoka katika vumbi, naingia katika joto. Hapa wanafunzi wenzangu hawana udhuru, kwa sababu Kanuni ya Charles tumefundishwa sote. Hewa ikipata joto hutanuka, na ikitanuka huwa nyepesi. Kasha la kiwandani huvuta hewa kwa bomba kutoka mbele ya motokaa au ndani ya bawa la gurudumu, mahali penye hewa ya nje. Koni ya wazi huvuta hewa iliyokwisha kupikwa chini ya boneti. Tuseme hewa ya nje ina nyuzi 30 za Selsiasi, na ile ya chini ya boneti ina nyuzi 60. Katika kipimo cha Kelvin hizo ni 303 na 333. Gawanya 303 kwa 333, utapata 0.91. Basi kila lita ya hewa ya moto ina uzito uliopungua kwa karibu sehemu 9 katika 100. Mtu amelipa fedha ili injini ivute hewa nyingi, naye ameiletea hewa pungufu. Motokaa ikienda mbio barabarani joto hilo hupungua kidogo, lakini katika msongamano wa Kampala, au katika mlima ukienda polepole na mzigo, ndipo hasara inapokuwa kubwa, na ndipo nguvu inapohitajiwa.

Tukumbuke tena kwamba sisi hatuishi pwani. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa huko umepungua kwa karibu sehemu 1 katika 8. Kabale iko karibu na mita 2,000, na upungufu wake hukaribia sehemu 1 katika 5. Hakuna chujio, liwe jekundu au jeusi, linaloweza kuirudisha hewa hiyo. Kinachoweza kuirudisha ni kifaa kama turbo, ambacho huisukuma hewa kwa nguvu. Kwa hiyo mtu wa Kabale akiambiwa kwamba motokaa yake ni dhaifu kwa sababu ya kasha la plastiki, na aulize kwanza mlima.

Wapinzani wangu husema, "Mbona wenye mashindano hufanya hivyo?" Nawajibu: tazameni mashindano ya huku kwetu, msitazame yale ya barabara za lami za ng'ambo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, aliyezaliwa hapa Uganda, aliyashinda mara 5: mwaka 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982. Barabara zile ziliwafundisha watu wote kwamba motokaa isiyoweza kustahimili vumbi na matope haifiki. Mashindano hayo yalirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, na katika vumbi la Naivasha motokaa zimepata kufungwa snokeli, yaani bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu kando ya kioo cha mbele. Watu wenye mafundi bora duniani na fedha nyingi, walipofika kwenye udongo wetu, waliinua mdomo wa injini ili kuukimbia uchafu. Sisi twaufungua mdomo huo chini ya boneti, kisha twajiita wanamashindano!

Wengine husema kwamba chujio la karatasi likichafuka hula petroli, na kwa hiyo afadhali litupwe kabisa. Hapa yafaa tuwe wakweli. Katika motokaa za zamani zenye kabureta, chujio lililoziba huweza kuleta hasara ya petroli. Lakini maabara ya Oak Ridge huko Marekani ilizichunguza motokaa za kisasa mwaka 2009, ikaona kwamba chujio chafu halikubadili sana matumizi ya petroli, kwa sababu kompyuta ya injini hupima hewa na kupunguza petroli ipasavyo. Kilichopungua ni wepesi wa motokaa kuongeza mwendo. Basi dawa ya chujio chafu ni chujio safi. Mtu hakati pua kwa sababu ina mafua.

Nimekosoa vya kutosha. Sasa niseme mwenye fedha kidogo afanye nini, kwa utaratibu ambao naona wafaa.

La kwanza ni kuziba. Fungua boneti ufuate njia ya hewa kuanzia mdomo wake mpaka kwenye injini. Tazama bomba la mpira lenye mikunjo: likunjue kwa vidole, uangalie ndani ya kila mkunjo, kwa sababu huko ndiko linakopasukia. Tazama kama vifungo vyote vya kasha vipo, au kimoja kimebadilishwa na kamba. Kisha chukua kitambaa cheupe, ukipitishe ndani ya bomba lililo nyuma ya chujio. Kikitoka safi, shukuru Mungu. Kikitoka chekundu, kuna mahali vumbi linapita, na haifai kununua kitu kingine chochote kabla hujapaona. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika motokaa, asiyenunua mpira na klipu 2 atanunua injini.

La pili ni kuweka chujio la karatasi la kipimo sawa, lenye ukingo wa mpira unaokaa vizuri pande zote za kasha. Lisipigwe kwenye gurudumu, wala lisioshwe kwa petroli au kwa maji. Karatasi yake hupasuka, au hufunguka matundu usiyoyaona. Ikiwa lazima lipulizwe, lipulizwe kwa upepo mdogo, kutoka ndani kwenda nje, kisha litazamwe mbele ya taa. Lenye tundu litupwe siku hiyo hiyo. Wala lisifunguliwe kila siku kwa wasiwasi, maana kila likifunguliwa vumbi hupata nafasi ya kuanguka upande ulio safi.

La tatu ni kurudisha lile bomba dogo la mbele liletalo hewa ya nje. Katika motokaa nyingi zilizokwisha kutumika Japani kabla ya kufika kwetu, bomba hilo halipo tena. Fundi alilitoa siku moja ili apate nafasi ya mkono, asilirudishe. Hili ndilo jambo ambalo laweza kuitwa kuongeza nguvu kwa fedha kidogo. Bomba hilo hupatikana kwa wauzaji wa vipuri vya motokaa zilizovunjwa. Likiisha kufungwa, injini huacha kula hewa ya jikoni na kuanza kula hewa ya uani. Zile sehemu 9 katika 100 nilizozihesabu hapo juu hurudi bila mlio wowote.

La nne ni kwa wale ambao maisha yao yote ni barabara za vumbi: wachukuzi wa kahawa, magari ya zahanati, malori ya shule. Hao wainue mdomo wa hewa kwa snokeli ya kweli, iliyozibwa vizuri kwenye kila kiungo. Wakiweza, juu yake waweke kile kikombe kinachoizungusha hewa mpaka vumbi zito likatupwa pembeni kabla ya kulifikia chujio. Jambo hili si geni kwetu. Land Rover za zamani, zilizoletwa na wamisheni wengi, zilikuwa na chujio la oili: hewa ilipita juu ya bakuli la oili, na vumbi likanaswa humo. Matrekta ya Massey Ferguson 35 nayo yalikuwa nalo. Dereva alimwaga oili chafu, akaosha bakuli, akatia nyingine. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuifanya kazi hiyo kwa usahihi, na injini zile zilidumu miaka mingi.

Mdomo ulioinuliwa una faida nyingine. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika huko Kasese, ukabomoa nyumba na madaraja. Maji ya namna hiyo hayamngojei dereva. Injini ikimeza maji hufa, kwa maana maji hayashindiliki kama hewa: pistoni ikipanda na kuyakuta, mkono wake hupinda au huvunjika. Mtu aliyeshusha koni yake chini karibu na bampa, ili ipate upepo wa mbio, ameufungulia mto mlango. Sisemi kwamba mwenye snokeli avuke mafuriko, asivuke. Nasema tu kwamba dimbwi moja la barabarani halipaswi kuugharimu mji mzima motokaa iliyo pekee ya kuwapelekea wagonjwa.

Najua nitaambiwa kwamba haya yote hayana raha. Nani atageuka sokoni kutazama bomba la mpira lisilopasuka? Nani atamsifu mtu kwa sababu kitambaa chake kimetoka cheupe? Hilo ndilo linalonisumbua, tena kuliko koni zenyewe. Sisi vijana tumejifunza kupenda kitu kinachoonekana na kusikika, na kudharau kazi ya kutunza. Debe tupu haliachi kuvuma, nasi twalifuata mvumo wake. Fundi mwenye kufunga koni hupata sifa siku hiyo hiyo. Fundi mwenye kuziba ufa hapati sifa kamwe, kwa sababu kazi yake ikiwa njema hakuna kitakachotokea. Lakini nchi isiyounda injini zake kwa wingi yawategemea hao wa pili. Kila injini inayokufa mapema ni fedha zinazokwenda ng'ambo kununua nyingine, na nyuma yake kuna karo, na dawa, na magunia yaliyooza yakingoja.

Tena, elimu yetu ni ya nini? Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unataka wanafunzi wafanye kazi za mradi, wasikae kukariri tu. Basi natoa shauri langu hapa, mbele ya walimu na wenzangu. Wanafunzi wa Kidato cha 2 na cha 3 wanaosoma fizikia wapewe Jumamosi moja kila mwezi kukagua njia ya hewa ya lori la shule, na ya motokaa za walimu watakaoziruhusu. Wachukue kitambaa cheupe, taa, bisibisi na daftari. Waandike tarehe, maili zilizokwenda, na rangi ya kitambaa. Wapime kwa kipimajoto hewa ya nje na hewa ya chini ya boneti, wafanye hesabu ya Charles kwa tarakimu zao wenyewe. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na daftari lenye ukweli wa barabara zetu, na mwenye kutaka kubishana nami katika Chama cha Majadiliano atapewa daftari hilo asome kwanza.

Mimi mwaka huu namaliza, na sitakuwapo kuliona. Nawaachia nyinyi wadogo zangu. Mkiombwa na baba au mjomba shauri juu ya motokaa, msimwambie anunue kitu chenye rangi. Mwombeni kitambaa cheupe na ruhusa ya kufungua boneti.

Mwanafunzi wa Kidato cha 6